Kuonyesha Filamu za Makala Mtaani: Mwongozo Kamili kwa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Filamu za makala kuhusu vita, siasa na jamii zilizosukumwa pembeni huonyeshwa sana Nairobi, kwenye vituo vya utamaduni vya kigeni na matamasha ya filamu, mbele ya watu ambao wengi wameshakubaliana hata kabla taa hazijazimwa. Sehemu kama Kondele, Nyalenda, Kaptembwo au Shinyalu, filamu hizo hufika kama vipande vya dakika mbili kwenye simu, kila mtu na kipande chake na hasira yake. Mimi naamini kwa dhati kwamba mahali pake hasa ni huku. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na Nakuru, Naivasha, Eldoret na Kisumu ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Waliobaki bado ni majirani. Wananunua sukuma kwa mama mmoja, wanapanda matatu moja, na jambo lile hawaligusi.

Lakini wataligusa ukiwaanzishia mbali. Waonyeshe akina mama wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, wanawake wa Liberia waliokataa vita, na chai ya baada ya filamu haijapoa utasikia mazungumzo yamehama Monrovia yamefika Manyatta. Kila hatua hapa chini imejengwa juu ya hilo. Mwongozo huu ni wa mtu mmoja au kikundi kidogo kinachotaka kukusanya watu hamsini hadi themanini, bila ufadhili mkubwa, na kuwaonyesha filamu kamili ikifuatwa na mjadala.

Hatua ya kwanza: watu kabla ya filamu

Usianze na bango. Ukitangaza kwamba kuna sinema ya bure uwanjani utajaza watoto, na wale uliowataka watapita mbali. Anza na kikundi ambacho tayari kinakutana: chama cha akina mama, wauza samaki wa ufuoni Dunga, vijana wa boda boda wa stendi fulani, kwaya, bunge la mwananchi, wanafunzi wa Maseno au Egerton wanaoishi mtaani. Kikundi hicho kiwe mwenyeji, na wewe uwe msaidizi wake.

Kisha zungumza ana kwa ana na watu watatu: mzee wa kijiji, mwanamke anayeaminika mtaani, na mtu kutoka upande ambao kwa kawaida hauhudhurii mikutano yenu. Waulize mambo matatu. Ni nini kinachouma hapa? Ni nini hakisemwi mbele za watu? Nani akialikwa, wengine watakataa kuja? Majibu ya swali la tatu ndiyo yatakayokuambia utumie ukumbi gani, nani apige simu za mwaliko, na nani aongoze mjadala. Katika mitaa ya Nakuru yenye watu wa jamii nyingi, kama Kaptembwo, Rhonda au Free Area, mwaliko ukitoka kwa mtu wa jamii moja tu, mkutano umekwisha kabla haujaanza.

Unda kamati ya watu wanne: wa kuongoza mjadala, wa vyombo, wa kupokea wageni mlangoni, na mmoja ambaye kazi yake pekee ni kuwaangalia watu, si skrini. Huyu wa nne husahaulika mara nyingi. Nitamrudia.

Hatua ya pili: kuchagua filamu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tumia wiki kadhaa ikibidi. Kanuni zangu ni hizi. Onyesho la kwanza liwe la nchi nyingine. Isizidi dakika tisini, na sabini ni bora zaidi. Wahusika wawe watu wanaotenda na kuamua, kwa maana filamu inayoonyesha waathiriwa kama rundo la huzuni humfanya mtazamaji aliyewahi kuumia ajione yeye ni rundo hilo. Na uitazame yote mara mbili, mara ya pili ukiwa na kalamu, ukiandika dakika ambapo kuna damu, milio ya risasi, nyumba inayoungua au mtoto aliyefariki.

Kwa kuanzia, siachi kupendekeza Pray the Devil Back to Hell ya mwaka 2008. Inasimulia jinsi wanawake wa Liberia, Wakristo kwa Waislamu, walivyovaa nguo nyeupe na kuketi uwanjani karibu na soko la samaki jijini Monrovia, mahali ambapo msafara wa Rais Charles Taylor ulipita kila siku. Mwaka 2003 wakafuata mazungumzo ya amani hadi Accra, wakakaa mlangoni na kuwazuia wajumbe wasitoke bila mapatano. Kiongozi wao, Leymah Gbowee, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011. Ukumbini mwenye mama samaki wengi, ile picha ya soko la samaki peke yake inatosha kuvuta watu mbele ya viti vyao. Ni filamu fupi, ina matumaini yasiyo ya uongo, na inaacha swali ambalo mtaa wowote wa Kenya unaweza kulijibu: ni nani hapa anayeweza kuwaketisha wakubwa chini?

Kwa vikundi vinavyopenda siasa, Democrats ya mwaka 2014 ni hazina. Mtengenezaji wake, Camilla Nielsson wa Denmark, alifuatana na wanasiasa wawili wa Zimbabwe, mmoja wa ZANU-PF, chama cha Rais Mugabe, na mwingine wa MDC, chama cha upinzani, waliopewa kazi ya kuongoza uandishi wa katiba mpya. Ilipigwa marufuku Zimbabwe hadi mahakama ilipoondoa marufuku hiyo mwaka 2018. Mkenya aliyepitia kura ya maoni ya 2005 na ile ya 2010 ataitambua mikutano ile ya kukusanya maoni, wanakijiji waliofundishwa cha kusema, na magari makubwa yanayofika kwa vumbi. Ila inahitaji utangulizi wa dakika tano kuhusu uchaguzi wa 2008 wa Zimbabwe na serikali ya mseto iliyofuata. Bila utangulizi huo watu watapotea.

Filamu ya tatu naitaja kwa tahadhari, kwa sababu inagusa ziwa letu wenyewe. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ilirekodiwa Mwanza na inahusu sangara, yule tunayemwita mbuta, aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, akawamaliza samaki wengi wa asili na akawa biashara kubwa ya minofu ya kupelekwa Ulaya kwa ndege. Filamu inauliza ndege hizo huja zimebeba nini. Nchini Tanzania ilizua hasira. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwamba imeichafua nchi. Ukiionyesha Kisumu au Homa Bay, onyesha na ubishi wake pia. Waambie watazamaji mapema kwamba kuna wanaosema filamu hii ilichagua cha kuonyesha, kisha waulize wavuvi na wachuuzi walioko ukumbini: je, mnajiona humu, au mmeonwa na mgeni? Sijui filamu nyingine inayofundisha haraka kiasi hicho kwamba kamera nayo ina upande iliposimama.

Zile za nyumbani zije baadaye, kikundi kikishazoeana. Softie ya Sam Soko, ya mwaka 2020, inamfuata Boniface Mwangi akiwania ubunge wa Starehe mwaka 2017, na maumivu yake makubwa yako ndani ya ndoa na malezi, kitu ambacho wanaume ukumbini hawakitarajii. The Battle for Laikipia ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Daphne Matziaraki na Peter Murimi, inawaweka wafugaji na wenye mashamba makubwa katika ukame mmoja. Nakuru na Laikipia ni majirani, kwa hiyo usiionyeshe Nakuru kama habari ya mbali.

Kuna filamu ninazoziheshimu sana ambazo singezitumia kwa onyesho la kwanza. The Act of Killing ya Joshua Oppenheimer, ambamo wauaji wa Indonesia wa 1965 na 1966 wanaigiza mauaji yao wenyewe kwa majivuno, ni kazi kubwa. Lakini mtu aliyemwona jirani yake akibeba panga na baadaye akimpungia mkono sokoni hastahili kukutanishwa na picha hizo bila maandalizi ya muda mrefu. For Sama, ya mama anayemrekodi mwanawe ndani ya Aleppo iliyozingirwa, ina watoto waliokufa hospitalini. Iache mpaka uwe na mshauri nasaha ukumbini.

Na kama filamu inahusu jamii iliyotengwa, jamii hiyo iwepo ukumbini kabla ya kualika mwingine yeyote. Ukitaka Nakuru izungumze kuhusu watu wa asili na misitu yao, popote pale duniani filamu iliporekodiwa, Waogiek wa Nessuit na Mariashoni ni wenyeji wa kaunti hiyo hiyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao katika Msitu wa Mau, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhila mengine, pamoja na kurudishiwa ardhi ya mababu zao. Watu wengi mjini Nakuru hawajawahi kusikia hukumu hiyo. Mzee wa Kiogiek akiisimulia mwenyewe baada ya filamu, itasikika kuliko ukiisoma wewe kwenye karatasi. Kisumu nako kuna Wanubi wa Kibos, na historia yao ya ardhi na vitambulisho.

Hatua ya tatu: ruhusa ya mwenye filamu

Akaunti ya Netflix si ruhusa ya kuonyesha hadharani. Hata filamu iliyo wazi YouTube ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda. Ruhusa hupatikana kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Tafuta tovuti ya filamu au ya msambazaji, uangalie sehemu ya maonyesho ya kijamii, na utume barua pepe fupi yenye mambo haya: kikundi chenu ni nani, mtaa gani, tarehe gani, watu wangapi, kwamba hamtozi kiingilio, na kwamba mtawatumia ripoti ya mjadala. Hilo la mwisho lina uzito. Watengenezaji wa filamu za makala wanatamani sana kujua zinapokelewaje mbali na matamasha, na wengi hutoa ruhusa bure au kwa bei ndogo kwa kikundi cha kijamii. Kwa filamu za Afrika Mashariki, watu wa Docubox, shirika la kusaidia filamu za makala jijini Nairobi, wanawafahamu watengenezaji wengi na wanaweza kukuunganisha.

Omba faili ya MP4 ya ubora wa 1080p pamoja na faili ya maandishi ya chini ya picha ikiwa kando. Usitegemee kuonyesha moja kwa moja kutoka kwenye intaneti. Bando litaisha au mtandao utakwama pale pale mhusika anapoanza kulia.

Hatua ya nne: serikali

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu inayoonyeshwa hadharani iwe imeainishwa na Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya. Bodi ina ofisi za kanda, zikiwemo za Kisumu na Nakuru. Nenda mwenyewe, uliza kama filamu yako tayari imeainishwa, na kama haijaainishwa uulize ada na muda. Kuna alama nne: ya watu wote, ya uangalizi wa wazazi, ya kuanzia miaka 16, na ya kuanzia miaka 18. Filamu iliyopigwa marufuku, kama ilivyokuwa kwa I Am Samuel mwaka 2021, haiwezi kuonyeshwa hadharani kihalali, na usiwaingize wenyeji wako katika kesi wasiyoichagua.

Kisha polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka anayeitisha mkutano wa hadhara amjulishe mkuu wa kituo cha polisi (OCS) kwa maandishi, siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla. Ni taarifa, huombi kibali; Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Hata kama mkutano wenu ni wa ndani na wa kielimu, peleka barua hiyo, hakikisha nakala yako imegongwa mhuri, uitunze mfukoni siku ya onyesho. Nakala nyingine mpe chifu. Andika jina la filamu na inahusu nini, bila kuficha.

Usiichukulie hatua hii kama urasimu mtupu. Mwaka 2025 onyesho la makala ya BBC Africa Eye kuhusu risasi za Juni 2024 bungeni lilifutwa Nairobi, na siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne walikamatwa, ingawa BBC yenyewe ilisema hawakuhusika na makala hiyo. Amueni pamoja kama kikundi ni hatari kiasi gani mnaweza kuibeba, muwe na namba ya wakili au ya shirika la haki za binadamu lililo karibu, na msimwachie mwenye ukumbi abebe lawama peke yake.

Hatua ya tano: ukumbi na vyombo

Wengi huota onyesho la usiku uwanjani. Piga hesabu kwanza. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza la kutosha projekta huja kama nusu saa baadaye. Anza saa moja na nusu, ongeza dakika 75 za filamu na saa moja ya mjadala: ni karibu saa nne usiku, na akina mama walishaondoka zamani kwa sababu njia si salama. Utabaki na vijana wa kiume peke yao. Karibu na ziwa kuna tatizo lingine: siku za dudu wa ziwa, mwanga wa projekta huwaita kwa maelfu, wakajaa kwenye skrini na kwenye vikombe.

Kwa hiyo chukua ukumbi, Jumamosi saa nane mchana. Kanisa, darasa la shule, ukumbi wa jamii. Ziba madirisha kwa mablanketi au karatasi nyeusi ya plastiki inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya hadwea, lakini acha nafasi juu ya kila dirisha hewa ipite. Watu sitini chini ya mabati ya Kisumu mwezi wa pili wanaweza kuzimia.

Mabati yana neno jingine. Mvua ya alasiri ikianza, hakuna spika itakayoshindana nayo. Usipandishe sauti. Simamisha filamu, washa taa, toa chai, na endelea ikipungua. Kwa sababu hiyo, panga muda wenye nafasi ya nusu saa zaidi.

Projekta ya kukodi yenye lumeni 3,000 inatosha ukumbi uliozibwa vizuri. Nyingi za ofisini huhitaji umbali wa takriban mita moja na nusu kwa kila mita ya upana wa picha, kwa hiyo picha ya mita 2.5 inahitaji projekta iwe karibu mita 3.75 kutoka ukutani. Picha hiyo itakuwa na kimo cha mita 1.4 hivi. Ukingo wake wa chini uwe angalau mita 1.2 kutoka sakafuni, maana maandishi hukaa chini ya picha, na mwenye kilemba mbele yako ataziba sentensi nzima. Shuka nyeupe nzito, iliyopigwa pasi na kuvutwa kwa kamba pembe zote nne, inafanya kazi ya skrini vizuri. Ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe ni bora zaidi.

Sauti ndiyo inayoangusha maonyesho mengi. Spika mbili, ziinuliwe hadi kimo cha sikio la mtu aliyeketi au juu kidogo, na ujaribu kwa sehemu yenye mtu anayezungumza taratibu, usijaribu kwa muziki. Keti kiti cha nyuma kabisa usikilize. Kama hushiki kila neno pale, mama mwenye umri wa miaka sabini hatashika lolote.

Umeme: projekta, spika na laptopu kwa pamoja hazifiki wati 1,000, kwa hivyo jenereta ya kVA 2 inatosha stima ikipotea. Iweke nyuma ya jengo, waya wa mita 30, na mafuta yaliyojaa kabla wageni hawajafika. Filamu iwe kwenye laptopu na pia kwenye flashi mbili. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, kwa hiyo ipange upya kwa exFAT. Zima arifa za WhatsApp na masasisho ya laptopu.

Hatua ya sita: lugha

Filamu nyingi zitakuja na maandishi ya Kiingereza, na wengi ukumbini hawatayasoma kwa kasi ile. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kutafsiri maandishi yenyewe kwa Kiswahili, ukiwa na idhini ya mwenye filamu. Faili ya SRT, yaani ile ya maandishi ya chini ya picha, hufunguka kwenye programu yoyote ya kuandikia. Acha namba na nyakati kama zilivyo, badilisha maneno tu. Kila mstari usizidi herufi 42, na mistari isizidi miwili kwa mara moja. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo utalazimika kufupisha. Tafsiri maana na uache mapambo. Hifadhi kwa UTF-8, uipe jina lile lile la faili ya filamu, uziweke kwenye folda moja, na VLC, programu ya kuchezea filamu, itaisoma yenyewe. Maandishi yakitangulia au kuchelewa, bonyeza G au H kwenye kibodi mpaka yalingane na midomo. Kwa filamu ya dakika sabini kazi hii ni ya siku kadhaa kwa watu wawili, mmoja akitafsiri, mwingine akisoma kwa sauti.

Njia ya pili ni mtu mwenye maikrofoni. Watu wetu wameizoea tangu vibanda vya video, na DJ Afro, msimulizi maarufu wa filamu za kigeni, amewalea wengi katika kupokea filamu ya kigeni kwa sauti ya nyumbani. Chukua ujuzi ule, uache vichekesho vyake, kwa sababu aliyeko kwenye skrini hii amempoteza mwanawe kweli. Mtafsiri aitazame filamu kabla, aandike muhtasari wa kila sehemu, azungumze wakati wahusika wanapopumua. Kisumu anaweza kuchanganya Kiswahili na Dholuo bila tatizo. Nakuru shikilia Kiswahili: lugha ya mama ya upande mmoja ikitawala, upande wa pili unaanza kuhesabu.

Hatua ya saba: mjadala

Kabla filamu haijaanza, mwongozaji aseme mambo matatu waziwazi: filamu ina picha gani ngumu, kwamba yeyote anaruhusiwa kutoka bila kueleza, na kwamba hakuna atakayepigwa picha. Usirushe nyuso za watazamaji mtandaoni. Mtu anayelia kwa ajili ya nduguye aliyeuawa hajakupa ridhaa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wake.

Filamu ikiisha, acha majina yapite hadi mwisho. Washa taa za nyuma kwanza. Chai na mandazi kwa dakika kumi, huku benchi zikipangwa kuwa duara. Katika dakika hizo kumi watu huzungumza wawili wawili, na hapo ndipo kinachosemwa baadaye kinapopatikana.

Swali la kwanza lisiwe la maoni. Ukiuliza filamu imekuwaje, mzee mmoja atahutubia kwa robo saa. Uliza: ni picha gani imekubaki akilini? Kila mtu ana picha, hata asiyesoma, na hakuna picha iliyokosewa. Zungusha swali hilo kwa watu kumi, ukianza na wanawake na vijana wadogo. La pili: ni nani humu ambaye hatukumsikia? Watazamaji wataanza kuona askari asiyehojiwa, mke aliyekaa jikoni, kijiji cha upande wa pili. La tatu, na usiliharakishe: ni kipi kinafanana na hapa kwetu, na kipi hakifanani? Sehemu ya pili ya swali ina maana kubwa, kwa sababu inawazuia watu kujifanya Waliberia na kusahau kufikiri.

Maikrofoni ishikwe na mwongozaji, asimwachie mtu. Itafika wakati mtu atasema, hao watu ndivyo walivyo. Usimkaripie mbele ya wenzake. Mwambie: baba, tupe ulichokiona wewe mwenyewe kwa macho yako, siku ile. Mara nyingi hotuba kuhusu kabila zima itageuka kuwa kisa cha mlango mmoja, jirani mmoja na usiku mmoja, na kisa kinaweza kusikilizwa hata na mtu wa kabila lililotajwa. Akiendelea na matusi, mkumbushe sheria ya 2008 ya uwiano na utangamano inakataza maneno ya chuki, kisha mpe mwingine nafasi.

Mheshimiwa akija, na atakuja akisikia kuna watu sitini, mpokee kwa heshima zote, umpe kiti kizuri na chai. Usimpe maikrofoni. Mweleze mlangoni, kabla hajaketi, kwamba leo viongozi wamekuja kusikiliza. Kuhusu nauli: semeni mapema kwenye mwaliko kwamba hakuna pesa ya kikao, kuna chai tu. Fedha ikishagawiwa mara moja, onyesho la pili litaulizwa bei.

Wale waliolemewa

Sasa yule mwanakamati wa nne. Akae pembeni karibu na mlango, akitazama nyuso. Dalili ni ndogo: mtu anayeinama na kushika simu bila kuitazama, anayetetemeka mguu, anayetoka haraka risasi zinaposikika. Atoke naye bila kelele, wakae kivulini, ampe maji, asimuulize kilichotokea. Kama mtu mwenyewe ataanza kusimulia, amsikilize tu. Awe na namba zilizoandikwa kwenye karatasi ndogo: 1199 ya Msalaba Mwekundu, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa watoto. Ni bora zaidi ukimpata mshauri nasaha wa kituo cha afya cha karibu aje akae naye.

Siku zinazofuata

Baada ya siku mbili tatu, wapigie waliozungumza kwa uchungu na wale waliotoka mapema. Wajulie hali. Andika ukurasa mmoja bila kutaja majina: watu wangapi, maswali gani yaliibuka, picha zipi zilitajwa mara nyingi, walipinga nini kwenye filamu. Mtumie mwenye filamu kama ulivyoahidi, na uwasomee wenyeji wako mkikutana tena.

Filamu ya pili waichague wao. Wape majina matatu na maelezo mafupi, wapige kura kwa mikono. Wakitaka ya nyumbani, kuhusu ghasia za 2008, kuhusu mapigano ya Mlima Elgon, kuhusu maandamano, rudi hatua ya kwanza na uongeze mtu mmoja kwenye kamati: mtu wa familia iliyoumia katika jambo hilo, atakayeitazama filamu kabla ya wengine wote, na ambaye akisema isionyeshwe, haionyeshwi.